Farasi Kwanza, Hema Baadaye: Niliyojifunza Kwa Kulala Msituni na Farasi Wawili

Ilikuwa yapata saa tisa za usiku niliposikia kishindo cha kwato, kikafuatwa na mlio wa tawi linalokatika, kisha pumzi nzito za mnyama aliyeshikwa na hofu. Nilitoka hemani bila viatu, tochi mkononi, nikamkuta farasi wangu mdogo amevusha mguu wa mbele juu ya kamba niliyomfungia kwenye shina la mti, na kila alivyojivuta ndivyo kamba ilivyozidi kumkaza nyuma ya kifundo cha mguu. Fundo nililolifunga jioni kwa kujiamini kabisa lilikuwa limelowa umande, tena limevutwa na mnyama mwenye uzito wa zaidi ya kilo 400 hadi likawa gumu kama jiwe, na kucha zangu hazikulifanya lolote. Nilirudi hemani mbio kutafuta kisu, nikapekua mfuko mmoja baada ya mwingine huku nikisikia kwato zikiparua mizizi huko nje. Kamba ilipokatwa hatimaye, farasi alisimama akitetemeka mwili mzima, na mimi nikatetemeka naye. Tangu usiku huo kisu changu hulala kiunoni, si mfukoni, na hakuna fundo ninalolifunga kwa farasi ambalo haliwezi kufunguka kwa kuvuta ncha moja tu.

Kambi ninayoizungumzia hapa ni ile isiyo na kitu. Hakuna choo, hakuna bomba la maji, hakuna zizi, hakuna meza wala taa. Njia ya kupanda mlima inafika mahali palipo tambarare kidogo katikati ya miti, na hapo ndipo mtu anapolala. Wanaokwenda kwa miguu huipenda kambi ya namna hiyo kwa sababu ya upweke wake, nami pia niliipenda kwa sababu hiyohiyo. Lakini nilichukua muda mrefu, pengine misimu mitatu, kukubali kwamba mtu anayekwenda na farasi haendi kupiga kambi yake mwenyewe. Anapiga kambi ya farasi, kisha anatafuta pembe ya kujilaza. Makosa yangu karibu yote yalitokana na kuugeuza utaratibu huo juu chini.

Usiku ule wa kwanza, kwa mfano, nilichagua mahali kwa macho ya mpiga picha. Palikuwa na kijito kinachopita juu ya mawe meusi, ukingo wake umefunikwa na majani mororo, nami nikasimika hema hatua chache tu kutoka majini na kuwafunga farasi kwenye miti miwili iliyokuwa karibu. Sikufikiri kwamba hewa baridi ni nzito na hushuka kama maji, ikajikusanya mabondeni usiku, hata sehemu ya chini kabisa ya bonde ikawa na baridi kali kuliko mteremko ulio mita chache juu yake. Sikufikiri pia kwamba ardhi mororo ya ukingoni, ikikanyagwa usiku kucha na miguu minane yenye viatu vya chuma, hugeuka kuwa tope linalotiririkia kijitoni pamoja na mkojo na mavi. Kulipopambazuka niliyaona yote mawili kwa wakati mmoja: umande ulioganda juu ya hema, na ukingo uliochafuka vibaya. Mti aliofungwa farasi mdogo ulikuwa umebanduliwa gome upande mmoja, na mizizi yake imechimbuliwa ikabaki wazi kama mishipa ya mkono wa mzee. Farasi aliyefungwa akichoka au akiona njaa huparua chini kwa mguu wa mbele na kutafuna kilicho karibu, naye nilikuwa nimemwachia mti.

Siku hizi nikifika mahali, mizigo bado iko migongoni, nazunguka kwanza kwa miguu. Natafuta maji ambayo farasi anaweza kuyafikia kwa kukanyaga mawe au changarawe, si tope. Natafuta nyasi, na nikizipata najiuliza kama zinatosha kwa jioni moja au zitamalizwa hadi kwenye udongo. Halafu napanda kidogo, angalau mita 60 kutoka majini na kutoka njiani, natafuta ardhi ngumu, kavu, yenye mteremko mdogo wa kupitisha maji ya mvua, na hapo ndipo wanyama watakapolala. Kisha naangalia juu. Matawi makavu yaliyoning'inia na miti iliyokufa ikiwa bado imesimama ni hatari kwa farasi na kwa mtu vilevile, na upepo wa usiku mlimani hauombi ruhusa. Hema langu linakuja mwisho, mara nyingi juu ya mawe, na nimezoea kulala nikiwa nimejikunja kama herufi.

Kuhusu kufunga, mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja niliyekutana naye mlimani akiwa na farasi watano na kambi nadhifu kuliko nyumba nyingi nilizowahi kuzitembelea. Aliniona nikimzungushia mti kamba, akaja polepole, akasimama kando yangu bila kusema neno mpaka nilipoona aibu.

"Mwanangu," alisema, "unamfunga farasi au unaufunga mti?"

"Namfunga farasi, mzee."

"Basi mpe pa kugeukia."

Alinionyesha kamba ya juu. Miti miwili mikubwa, iliyo hai, iliyoachana hatua kumi hivi, huvishwa kila mmoja mkanda mpana usiopungua sentimita 5, ili kamba yenyewe isiguse gome na kulikata. Kati ya mikanda hiyo hunyooshwa kamba nene, mita 2 au zaidi kutoka ardhini, ikakazwa hadi ikitikiswa inalia. Farasi hufungwa kwenye vitanzi vilivyo kwenye kamba hiyo, mbali na mashina, na kila mmoja mbali na mwenzake kiasi cha kutofikiana kwa mateke. Kazi yote iko kwenye urefu wa ugwe unaoning'inia. Ukiwa mfupi mno, farasi hawezi kushusha kichwa wala kujilaza. Ukiwa mrefu mno, atavusha mguu na utarudi kwenye usiku wangu wa kisu. Mzee alipima kwa kumshusha farasi kichwa kwa mkono mpaka pua ikakaribia ardhi, akafunga hapo, akavuta mara mbili, akaondoka. Sikuwahi kuona kipimo kingine kilicho bora kuliko hicho.

Nilidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba farasi hulala akiwa amesimama na kwa hiyo kumnyima nafasi ya kujilaza si kitu. Ni kweli kwamba kano na viungo vya miguu yake vinaweza kujifunga vikamshikilia asianguke huku akisinzia, lakini usingizi mzito, ule wa ndoto, haupati mpaka alale chini, hata kama ni kwa nusu saa au saa moja tu katika usiku mzima. Farasi asiyejilaza kwa siku kadhaa huanza kuyumba akisinzia, na mtu anayempanda kwenye njia nyembamba ya kando ya genge angependa kulijua hilo mapema.

Kosa langu la pili linachekesha sasa, ingawa siku hiyo sikucheka. Nilikuwa nimenunua pingu za ngozi, zile zinazofunga miguu miwili ya mbele kwa kiungo kifupi ili farasi aweze kula nyasi polepole bila kukimbia. Farasi jike wangu, mzee mtulivu ambaye watoto waliweza kupita chini ya tumbo lake, nilimvisha pingu hizo jioni, nikamwangalia akijikokota hatua moja moja, nikaridhika, nikaingia kulala. Alfajiri hakuwepo. Nilichokuwa sijaambiwa ni kwamba farasi mwerevu hujifunza kuinua miguu yote miwili ya mbele kwa pamoja na kuruka kama sungura, na kwa mwendo huo anaweza kwenda mbali mno akiwa na nia. Jike wangu alikuwa na nia. Nilifuata alama zake njiani, mashimo mawili mawili yaliyochimbwa sambamba kwenye udongo wenye unyevu, saa mbili na nusu kuteremka, nikamkuta amesimama mahali palepale tulipoanzia safari, mbele ya gari la kumbebea, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Yule mdogo niliyemwacha kambini alikuwa amelia usiku mzima mpaka sauti ikamkauka.

Hapo nikaelewa jambo moja kuhusu kundi. Farasi hawapendi kuachana, na katika kila kundi, hata la wawili, yuko anayeongoza na yuko anayefuata. Siku hizi anayeongoza ndiye ninayemfunga, na anayefuata ndiye ninayemwacha ale kwa uhuru akiwa na pingu. Hataenda mbali na mwenzake. Baada ya saa moja nawabadilisha, lakini wakati huo nakaa hapohapo nikiangalia. Usiku wote wawili hurudi kwenye kamba ya juu. Na kabla ya safari nawazoesha pingu nyumbani kwa siku nyingi, maana farasi anayevishwa pingu mara ya kwanza msituni huweza kushtuka akajiangusha.

Sasa nije kwenye tumbo, ambalo ndilo lililonifundisha kwa ukali zaidi.

Farasi mwenye uzito wa kilo 500 hunywa lita 20 hadi 40 za maji kwa siku akiwa amepumzika, na zaidi ya hapo akipanda mlima na kutoka jasho. Chakula chake kikavu ni takribani kilo 8 hadi 10 kwa siku, na mwili wake umeumbwa kula kidogo kidogo kwa saa nyingi, si milo mitatu. Tumbo lake ni dogo kwa mnyama wa ukubwa ule, na hawezi kutapika. Kilichoingia hakina njia nyingine ila kuendelea mbele. Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Lakini katika safari ya nne nilimwonea huruma yule mdogo kwa kuwa siku ilikuwa ndefu na mteremko mkali, nikamwongezea nafaka jioni, kiasi kikubwa kuliko alichozoea, kama mtu anavyomzawadia mfanyakazi. Maji ya kijito yalikuwa baridi sana na yenye harufu ya majani yaliyooza, naye alikuwa ameyanusa tu, akatia midomo, akageuka. Niliona hayo. Nikasema moyoni kwamba akiwa na kiu atakunywa.

Saa moja ya usiku alianza kugeuza shingo na kutazama ubavu wake. Akaparua chini, akatulia, akaparua tena. Kisha akakunja magoti, akalala, akainuka, akalala. Aliyewahi kuiona koliki, yaani maumivu makali ya tumbo la farasi, hahitaji kuelezwa mara ya pili, na mganga wa mifugo aliye karibu alikuwa umbali wa nusu siku kwa farasi mwenye afya. Simu haikupata mtandao hata niliponyosha mkono juu ya jiwe kubwa, jambo ambalo mtu hulifanya akijua ni upuuzi.

Nilifanya yale machache niliyoyajua. Nilimwondolea chakula chote. Niliinua mdomo wa juu, nikabonyeza ufizi kwa kidole na kuhesabu: weupe uliobaki chini ya kidole unapaswa kurudi kuwa waridi ndani ya sekunde mbili, na ulirudi. Nilitafuta mshipa chini ya taya nikahesabu mapigo. Farasi aliyepumzika huwa na mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, na yeye alikuwa na 52. Kisha nikaegemeza sikio langu ubavuni mwake, nyuma ya mbavu. Siku za kawaida sauti ya humo ni kama maji yanayopita kwenye bomba refu, yenye kugugumia, kimya kifupi, halafu kugugumia tena. Upande wa kushoto nilisikia kidogo, kwa mbali. Upande wa kulia palikuwa kimya, na kimya hicho nilikisikiliza kwa dakika nzima nikiwa nimefumba macho, manyoya yake yenye jasho yakinilowesha shavu.

Tulitembea. Dakika kumi kutembea, dakika kumi kupumzika, nikimzuia asijibingirishe kwa nguvu penye mawe, lakini nikimwacha alale pale alipotaka kulala kwa utulivu. Nilipasha maji kwenye sufuria, nikayachanganya na ya kijito kwenye ndoo mpaka ubaridi ukapungua, nikatia chembe za chumvi, nikamwekea. Karibu na saa nne alizama pua ndani ya ndoo na kunywa mfululizo, masikio yakienda mbele na nyuma kwa kila funda. Saa tano na robo aliinua mkia. Sidhani kama nimewahi kufurahia mavi katika maisha yangu kama nilivyoyafurahia yale. Nilimulika tochi, nikaona yako makavu na madogo, nikajua tatizo lilikuwa wapi: maji. Kulipokucha sauti zilikuwa zimerudi pande zote mbili. Tulikaa hapo siku nzima bila kusafiri, akila nyasi kiganja kwa kiganja, kisha tukashuka kwa miguu, mimi nikiwa mbele nimeshika kamba.

Toka siku hiyo kila farasi wangu hupewa chumvi jioni, na nafaka haizidi ile ya nyumbani hata siku iwe ngumu vipi. Nabeba ndoo ya turubai inayokunjika, kwa kuwa farasi anayekataa kijito mara nyingi hukubali ndoo anayoijua harufu yake. Na baridi ikizidi, kinachomtia joto ni nyasi. Uyeyushaji wa nyuzinyuzi katika utumbo wake mkubwa hutoa joto kwa saa nyingi, kama jiko lililofunikwa majivu.

Mizigo nayo ina hesabu zake, ingawa sitaki kukaa hapo sana. Mpandaji na matandiko yake, kwa pamoja, wasizidi moja ya tano ya uzito wa farasi. Mzigo usio na uhai upungue zaidi ya hapo, kwa sababu hauinamii mbele penye mwinuko wala haujirekebishi penye kona. Shogi mbili, ile mifuko ya mizigo inayoning'inia ubavuni kushoto na kulia, zilingane. Mimi nilikuwa nalinganisha kwa mikono, nikiinua moja kushoto na nyingine kulia, na mikono hudanganya. Tofauti ya kilo mbili haikuonekana asubuhi, lakini ilipofika adhuhuri tandiko lilikuwa limelalia upande mmoja, na jioni nilipolivua nikakuta mahali penye maumivu begani kwa yule jike, pasipo na jasho ilhali mahali pengine pote pamelowa. Pale pasipo na jasho ndipo palipobanwa. Nywele zilizoota hapo baadaye zilikuwa nyeupe, kipande chenye ukubwa wa yai, na hazikurudi kuwa nyekundu tena. Sasa nina mizani ndogo ya ndoano, nyepesi kuliko kikombe, na sifungi mzigo bila kuitumia.

Mimea ya sumu inataka umakini wa namna nyingine, kwa sababu haiko sawa kutoka msitu mmoja hadi mwingine. Mti wa Taxus, wenye majani membamba ya kijani kibichi na vitunda vyekundu, unaweza kumuua farasi kwa viganja vichache vya majani, tena kwa ghafla. Jamii ya rododendroni, vile vichaka vya maua, nayo ni sumu. Magugu ya Pteridium, ambayo hufanana na kangaga na hutanda kwenye sakafu ya msitu uliowahi kuungua, hayaui kwa siku moja, ila yakiliwa kwa wiki nyingi huharibu vitamini B1 mwilini mpaka farasi akayumba. Farasi aliyeshiba nyasi kwa kawaida huyaacha haya yote. Aliyefungwa karibu nayo akiwa na njaa huyajaribu. Kwa hiyo kabla ya kunyoosha kamba ya juu natembea chini yake yote, nikiangalia kila kinachoweza kufikiwa na shingo ndefu.

Kinachobaki ni kuondoka. Misitu mingi ya umma nchini Marekani hudai nyasi kavu zisizo na mbegu za magugu, na kanuni hiyo ina sababu: mbegu hupita tumboni mwa farasi zikiwa nzima na kuota mahali zisipostahili. Mimi huanza kuwalisha nyasi safi siku tatu kabla ya safari. Asubuhi ya kuvunja kambi natawanya mavi kwa tawi mpaka yakauke upesi na yasiwaite nzi, nafukia mashimo waliyoparua, narudisha majani makavu juu, na mikanda ya miti naivua mwisho ili nione kama gome limeumia.

Mwaka wa saba nilipita tena kwenye kile kijito cha mawe meusi. Ukingo ulikuwa umeota majani, lakini mti niliomfungia farasi mdogo ulikuwa umekauka upande uliobanduliwa, na chini yake mizizi ilikuwa bado wazi. Niliwanywesha farasi palipo na changarawe, nikapanda nao mteremkoni, nikanyoosha kamba, nikapima ugwe kwa pua kama nilivyofundishwa. Yule mdogo, ambaye sasa si mdogo tena, alizunguka mara mbili, akanusa ardhi, akakunja magoti na kujilaza kabla sijamaliza kusimika hema. Nilikaa juu ya shogi tupu nikamsikiliza akikoroma.